Kabla hujasaini bima ya duka: namna ya kumpata wakili akusomee mkataba, hatua kwa hatua

Nianze na kilichonifundisha. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na fremu ya vyombo Kariakoo, masufuria, madeli, chupa za chai, na stoo mtaa wa pili maana fremu yenyewe ukiingiza makatoni ishirini imejaa hata mteja hana pa kusimama. Nikakata bima ya moto na wizi, nikalipa ada yote kwa mkupuo, cheti nikakining'iniza ukutani pembeni ya leseni. Stoo ikaibiwa usiku wa kuamkia Jumatatu. Nikaenda kampuni ya bima na RB yangu (namba ya taarifa ya polisi) kifua mbele, baada ya wiki tatu nikajibiwa kwa barua ya ukurasa mmoja na nusu, kwamba eneo lililoandikwa kwenye mkataba ni fremu tu, stoo haipo, na hata ingekuwepo mlango haukuvunjwa, mtu alifungua na funguo, na bima yako inakinga wizi wa kuvunja na kuingia. Sikupata hata mia. Na kinachouma siyo kwamba walinidanganya, hapana, yote yalikuwa yameandikwa, kwa Kiingereza, huko ndani ukurasa wa kumi na kitu, mimi sikusoma na wakala hakuniambia.

Nilipopeleka ile polisi kwa wakili (polisi ya bima, yaani mkataba wenyewe, siyo wale wa kituoni) akaisoma kama dakika ishirini hivi, akainua kichwa akauliza swali moja, "Kaka, stoo uliwaambia?" Basi. Hilo swali ningeulizwa kabla ya kulipa ningekuwa na mzigo wangu leo. Tangu siku hiyo sisaini bima ya biashara bila wakili kuipitia, na nimejifunza pia kwamba kumpa wakili karatasi peke yake haitoshi, lazima ajue unavyoishi pale dukani kila siku, nani ana funguo, mzigo unalala wapi, daftari liko wapi. Naandika kwa mazingira ya Tanzania bara maana ndiko ninakofanyia biashara, ukiwa nchi nyingine majina ya ofisi na sheria yatabadilika ila maswali mengi ni haya haya.

Kwanza, unahitaji wakili kweli?

Kama unakata bima ndogo ya pikipiki au bodaboda yako, acha, usipoteze hela ya wakili, ile ni karatasi inayofanana nchi nzima. Bima kubwa ya gari moja la familia pia sioni haja, soma mwenyewe uulize maswali. Wakili anaanza kuwa na maana pale ambapo kuna mzigo wa mamilioni, kuna mkopo wa benki nyuma yake, una stoo zaidi ya moja, una wafanyakazi wanaoshika pesa, au jengo siyo lako. Kipimo changu mimi ni rahisi: kama mzigo wote ukiteketea leo usiku unaweza kuamka kesho ukaanza upya kwa akiba yako, basi huhitaji wakili. Kama huwezi, tafuta wakili.

Na msijichanganye na ile habari ya majengo. Baada ya soko la Kariakoo kuungua Julai 10, 2021 na soko la Karume kuungua Januari 2022, Sheria ya Fedha ya 2022 ilifanya bima kuwa lazima kwa masoko ya umma na majengo ya biashara. Watu wengi nikiongea nao wanadhani kwa sababu mwenye nyumba kakata bima basi na wao wamekingwa. Jengo ni lake, bima ni yake, mzigo wako hauko humo. Wa kwako unaukatia wewe.

Hatua ya 1: karatasi kwanza, wakili baadaye

Wengi tunaenda kwa wakili mikono mitupu tukaanza kumhadithia. Wakili analipwa kwa muda wake, ukimpa hadithi atakutoza hadithi. Kusanya hivi vitu uviweke kwenye bahasha moja au foda moja la simu.

Cha kwanza na ndicho kigumu kuliko vyote, ni mkataba wenyewe mzima, kurasa zote. Utakachopewa na wakala ukiomba ni kotesheni (bei waliyokukadiria), au kava noti (hati fupi ya kuonyesha umekatiwa bima), au ule ukurasa wa jedwali wenye jina lako na kiasi cha bima. Hiyo siyo bima, huo ni muhtasari. Maneno yanayokula madai ya watu yako kwenye kile kijitabu cha masharti ambacho wanakituma baada ya kulipa, au hawakitumi kabisa mpaka udai. Sasa wewe kidai kabla ya kulipa, na kidai kwa maandishi, meseji ya WhatsApp au imeili, "naomba masharti kamili ya bima hii pamoja na viambatisho vyake vyote." Ukiona wanazungushana wiki nzima kukutumia karatasi ambayo ndiyo bidhaa wanayokuuzia, jiulize siku ya kudai watakuzungushaje.

Cha pili ni ile fomu ya maombi uliyojaza. Au tuseme ukweli, ambayo wakala aliijaza na wewe ukasaini chini. Omba kopi. Hii fomu ndiyo msingi wa mkataba, ukiandikwa kwamba una mlinzi saa 24 na huna, kampuni ina pa kukushika miaka yote. Kwenye bima sheria inataka useme ukweli wote unaoujua kuhusu hatari ya biashara yako hata kama hujaulizwa vizuri, na uongo wa wakala kwenye fomu yenye saini yako unahesabika ni wako.

Halafu mkataba wa pango la fremu na stoo, barua ya mkopo kama benki inakudai, leseni ya biashara, TIN, usajili wa BRELA, orodha ya mzigo hata kama ni ya daftarini, na picha za duka ndani na nje zikionyesha milango, makufuli, waya za umeme na mtungi wa kuzimia moto. Picha usizidharau, wakili wangu aligundua kitu kwenye picha ambacho mimi nilikuwa napita kila siku, jiko la mkaa la mama ntilie limekaa kibarazani ukuta mmoja na stoo yangu.

Hatua ya 2: kumtafuta mwenyewe sasa

Wakala na wakili ni maneno yanayokaribiana sana kwa kuyasikia, ila mabosi wao tofauti. Wakala wa bima anafanya kazi kwa niaba ya kampuni, analipwa kamisheni na kampuni. Broka, au dalali wa bima kama wanavyoandika kiserikali, huyo kidogo yuko upande wako maana kazi yake ni kukutafutia bima kampuni mbalimbali, lakini naye mkate wake unatoka kwenye kamisheni ya ile bima utakayokata, na usipokata hana kitu. Wote wawili hawa lazima wawe na usajili wa TIRA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima. Wanaweza kuwa watu wazuri tu na waaminifu, mimi broka wangu wa sasa nampenda, lakini siyo wa kumuuliza "hii bima ina ubaya gani". Huyo wa kuuliza umlipe wewe mwenyewe.

Wakili wa bara anatakiwa awe kwenye orodha ya mawakili, awe mwanachama wa Tanganyika Law Society, na awe na cheti hai cha kufanya kazi cha mwaka husika, maana kinahuishwa kila mwaka. Mahakama ina mfumo wa mtandaoni unaitwa e-Wakili, unaingiza jina unaona kama yupo na hali yake ikoje. Fanya hivyo hata kama umeletewa na shemeji yako. Vishoka wapo wengi, mtu ana suti, ana briefkesi, ana meza pembeni ya mahakama, na siyo wakili. Zanzibar wana chama chao, Zanzibar Law Society, na utaratibu wao wa mawakili, kwa hiyo kama biashara yako iko Darajani usimchukue wa Dar bila kumuuliza.

Sasa kuwa wakili siyo kuwa wakili wa bima. Wengi wanaishi kwa kesi za viwanja, mirathi na talaka, ni wazuri huko, ila kwenye bima atakusomea kama mkataba wa pango. Mpigie simu, muulize haya kabla hujafika ofisini: umewahi kushughulikia madai ya bima yaliyokataliwa, yalikataliwa kwa sababu gani? Sikiliza jibu. Aliyewahi atakutajia bila kuwaza, atakwambia masharti ya ulinzi, bima pungufu (umekatia kiasi kidogo kuliko thamani ya mzigo), kuchelewa kutoa taarifa. Asiyewahi ataanza kukwambia habari ya Katiba.

Swali la pili ni gumu kidogo kuuliza ila uliza: je, unafanya kazi na hii kampuni ya bima? Makampuni ya bima yana mawakili wao wa nje wanaowatumia mwaka mzima. Huyo hawezi kukusomea wewe mkataba wa mteja wake mkubwa, na wakili anayejiheshimu atakwambia mwenyewe "hapa samahani, siwezi." Nilishawahi kuambiwa hivyo na nilimshukuru, akanielekeza kwa mwenzake.

Hatua ya 3: bei, na unachonunua kwa hiyo bei

Hapa watu wanaona aibu, eti kumuuliza wakili msomi bei ni kumkosea adabu. Uliza. Kuna kanuni za malipo ya mawakili za 2015 zinazoongoza ada, lakini kwa kazi ndogo kama kusoma mkataba mnakaa mnaelewana. Mimi napenda bei moja ya kazi nzima, siyo ya saa, kwa sababu ya saa sijui atasoma kwa kasi gani. Mara ya kwanza nililipa laki nne na nusu kwa kusoma, maoni ya maandishi na kikao kimoja. Mwenzangu mwenye kiwanda kidogo cha mabati alilipa zaidi ya milioni kwa sababu yeye ana mashine, ana bima ya kupotea kwa faida, ana magari, karatasi zake ni mara tatu ya zangu. Usikubali kulipa kwa asilimia ya kiasi cha bima, hiyo haina mantiki, kurasa ni zile zile bima iwe ya milioni 50 au 500.

Muombe barua fupi ya makubaliano ya kazi. Iandikwe atasoma nini na nini (pamoja na fomu ya maombi, hii wanaisahau), atakupa nini, lini, na kama bei ina VAT ndani au juu yake kama ofisi yake imesajiliwa VAT. Kama mna kampuni, mhasibu wako atakata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye ada ya wakili apeleke TRA, mwambieni wakili mapema asije akadhani mmempunja. Na dai risiti ya EFD.

Unachotaka mkononi mwisho wa kazi ni vitu vitatu. Moja, maoni ya maandishi kwa Kiswahili, siyo Kiingereza kingine juu ya Kiingereza cha kwanza, na yaseme wazi "hiki kinakuumiza, hiki sawa, hiki kirekebishwe hivi." Mbili, orodha ya marekebisho iliyoandikwa tayari kwa lugha ya bima ambayo wewe unaituma tu kwa broka. Tatu, na hii mimi huwa naing'ang'ania, ahadi kwamba marekebisho yakirudi kutoka kampuni atayasoma tena bila kulipia upya, kwa sababu yakirudi ndipo mchezo unapofanyika.

Hatua ya 4: kaa naye umwambie ukweli wa duka

Hiki kikao usimtume kijana. Nenda mwenyewe, na sema vyote hata vya aibu, maana mnachoongea na wakili wako kinabaki kwenu. Leseni iko kwa jina la mke wako, TIN ni ya kaka, mzigo umenunua wewe? Sema. Hii ni ya kawaida sana mjini na inaua madai, kwa sababu anayekata bima lazima awe na maslahi kwenye mali yenyewe na jina kwenye karatasi liendane na mwenye mali.

Kuna mzigo wa mali kauli dukani? Sema. Mzigo wa mali kauli hujaulipia, mwenyewe yupo, ukiungua atakudai wewe, na mikataba mingi inakinga mali yako tu mpaka iandikwe kwamba inakinga na mali ya watu iliyo chini ya uangalizi wako. Ni sentensi moja tu, ila bila hiyo sentensi nusu ya duka lako haina bima.

Umewahi kuibiwa au kuungua huko nyuma? Umeme wa stoo umeunganishwa na fundi wa mtaani? Mlinzi ni wa kampuni au ni Mmasai wa mtaa mnaomchangia maduka sita? Ufunguo wa pili anao nani? Mwambie.

Hatua ya 5: vitu ambavyo lazima muvipitie mstari kwa mstari

Hapa ndiyo kiini chenyewe, na nitakaa zaidi.

Eneo. Kila mahali mzigo unapolala paandikwe, mtaa, namba ya kiwanja, namba ya fremu, ghorofa. Na mzigo ukiwa njiani kati ya stoo na duka, kwenye guta au kirikuu, mara nyingi hauko kwenye bima ya moto wala ya wizi, ni bima nyingine ya mali safarini. Uliza.

Kiasi cha bima. Watu tunaandika kidogo ili ada ipungue, tunajiona wajanja. Kuna kifungu kinaitwa avareji, na kinafanya kazi hivi. Mzigo wako halisi ni milioni 100, wewe umekata bima ya milioni 60. Umeungua mzigo wa milioni 40, unasema si iko ndani ya 60, nitalipwa yote. Hapana. Wanasema umejikatia asilimia 60 ya thamani, basi na hasara tunakulipa asilimia 60, milioni 24. Halafu wanatoa eksesi, ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe, tuseme asilimia 10 ya madai, 2.4 inatoka, unaondoka na 21.6 kwenye hasara ya 40. Wala hakuna aliyekuibia. Sasa mwambie wakili mzigo wako unapanda kiasi gani msimu wa Ramadhani na Krismasi, maana kinachoangaliwa ni thamani ya siku ya hasara, siyo ya siku ulipojaza fomu Machi duka likiwa jeupe. Kuna namna ya kuandika bima inayofuata kupanda na kushuka kwa mzigo, unapeleka taarifa ya kila mwezi, mwambie aulizie kama inakufaa.

Masharti ya ahadi, wenyewe wanayaita waranti. Haya ndiyo mabaya zaidi kwa sababu yanaonekana madogo. Unaahidi kwamba kutakuwa na mlinzi usiku, mitungi ya moto imekaguliwa, umeme unazimwa kwenye swichi kuu duka likifungwa, mzigo umekaa juu ya chaga siyo sakafuni, vitabu vya hesabu vinatunzwa mahali ambapo haviwezi kuungua pamoja na duka. Ukivunja, kampuni ina sababu ya kukataa, na mtabishana sana kama uvunjaji huo ulihusika na hasara au la. Hapa wakili wangu alifanya kitu kizuri mno, kila sharti aliniuliza "hili unalifanya leo?" na kila niliposema hapana alinipa njia mbili tu, anza kulifanya au tuombe lifutwe. Hakuna njia ya tatu ya kusaini tukae kimya. La vitabu lilinishika, daftari langu la mzigo lilikuwa linakaa dukani droo ya chini, moto ukija na lenyewe linaondoka. Siku hizi kila Jumamosi jioni binti yangu anapiga picha kurasa anazituma kwenye imeili. La swichi kuu tukaomba litolewe kwa sababu nina friji ya soda.

Tafsiri ya wizi. Nimeshasema yangu. Wizi wa kuvunja ni lazima kuwe na alama za kuvunja. Wizi wa mfanyakazi ni bima nyingine kabisa ya uaminifu wa wafanyakazi. Wizi wa pesa njiani kwenda benki, au kwenda kwa wakala wa simu, ni nyingine tena. Aliyekuuzia "bima ya wizi" hakukudanganya, ila hakukueleza.

Visivyokingwa. Soma orodha yote. Vurugu, migomo na maandamano zina masharti yake, na fujo za kisiasa na ugaidi kwa kawaida zinatolewa nje mpaka ununue kinga yake peke yake. Mafuriko hakikisha yametajwa kwa jina, hasa ukiwa maeneo ya bondeni. Na jengo kuanguka lenyewe. Novemba 16, 2024 ghorofa lilianguka Kariakoo, watu walikufa, na pembeni ya huo msiba wafanyabiashara wengi tulirudi nyumbani kufungua makaratasi. Bima ya kawaida ya moto na majanga yake inataja majanga moja moja, na jengo kuporomoka kwa ubovu wake au kwa kuchimbwa chini siyo lazima liwemo. Muulize wakili swali hilo kwa maneno hayo hayo.

Benki na mwenye nyumba. Kama una mkopo, benki itakuwa imeandikwa kama wa kwanza kulipwa, maana yake fidia ikitoka inapita kwao kwanza. Hiyo siyo mbaya, ila wakili ahakikishe ni kwa kiasi cha deni lililobaki siyo fidia yote. Na bima unayouziwa dirishani na benki yenyewe siku ya kuchukua mkopo nayo ni bima kama nyingine, dai masharti usome, mara nyingine inakinga deni lao tu siyo mzigo wako. Upande wa pango, kampuni ikikulipa inachukua nafasi yako kumdai aliyesababisha hasara. Sasa kama kwenye mkataba wa pango ulishasaini kwamba hutamdai mwenye nyumba kwa lolote, umewafungia wao mlango, na wanaweza kukuuliza. Ndiyo maana wakili asome mikataba yote miwili.

Muda. Siku ngapi za kutoa taarifa ya hasara, siku ngapi za kupeleka fomu ya madai. Na kuna ile sentensi kwamba madai yakikataliwa una miezi 12 ya kwenda mbele la sivyo umepoteza haki. Sheria ya ukomo ya bara inatoa miaka 6 kwa kesi ya mkataba, na viwili hivi vinagonganaje hiyo ni kazi ya wakili kukueleza, wewe kwenye kalenda yako weka ile fupi. Angalia pia kama mgogoro unapelekwa kwanza kwenye usuluhishi wa kulipia, maana msuluhishi analipwa na nyinyi, na kwa madai ya milioni 8 gharama inaweza kukukatisha tamaa.

Hatua ya 6: kurudisha marekebisho

Watu wanadhani mkataba wa bima ni kama tiketi ya basi, unachukua ulivyo. Kijitabu cha masharti ndiyo, hawatakiandika upya kwa ajili yako, lakini wanaongeza kiambatisho, karatasi inayosema "pamoja na yaliyoandikwa ukurasa fulani, kwa mteja huyu itakuwa hivi." Mengi yanakubalika, kuongeza eneo, mali za watu, kufuta sharti lisilowezekana, kuongeza mafuriko kwa ada kidogo. Ada ikipanda muulize broka atafute na kampuni ya pili. Eksesi nayo inajadilika kuliko tunavyodhani.

Wakala atakwambia "bosi wangu hiyo usijali, hata isipoandikwa tunalipaga." Mjibu kwa heshima, "basi naomba uniandikie hivyo." Hataandika. Na hata mazungumzo ya WhatsApp yatunze, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa namna hiyo, lakini usiutegemee kama mbadala wa kiambatisho chenye saini na muhuri.

Kwenye yangu marekebisho yalirudi stoo imeandikwa jina la mtaa tu bila namba ya kiwanja, na mtaa ule una stoo kama mia. Tukairudisha. Ikarudi na namba, ila kiasi cha bima cha stoo wamekimega kutoka kwenye kile cha duka badala ya kuongeza. Tukairudisha tena. Ndiyo maana nimesema ahadi ya kusoma mara ya pili iwe kwenye bei.

Hatua ya 7: kulipa na kuhakiki

Lipa kwenye akaunti ya kampuni ya bima yenyewe, kamwe siyo kwenye namba ya simu ya wakala. Na lipa yote, Tanzania bila ada kulipwa hakuna bima, ule utaratibu wa zamani wa "nikatie nitalipa mwisho wa mwezi" haupo. Ukishapata namba ya kava noti ihakiki kwenye mfumo wa TIRA wa mtandaoni, jina, tarehe, kiasi. Dakika mbili. Kopi ya kila kitu mpe wakili na nyingine mpe ndugu asiyekaa na wewe nyumba moja.

Baadaye

Chukua orodha ya waranti, iandike kwa Kiswahili kwa maneno ya kijana wako wa duka, ibandike nyuma ya mlango pale anapofungia. Ukihama, ukiongeza stoo, ukianza kuuza gesi au rangi, ukibadilisha mlinzi, toa taarifa kwa maandishi, usisubiri mwaka uishe.

Likitokea la kutokea, toa taarifa siku hiyo hiyo, chukua RB, piga picha kabla hamjafagia. Atakuja mkadiriaji wa hasara, mpe ushirikiano ila usikisie namba, sema "nitakuletea kwa maandishi." Mwishoni utaletewa karatasi ya kusaini kwamba umepokea kiasi fulani kama malipo kamili na ya mwisho. Hiyo ndiyo ya kumpigia wakili kabla hujasaini, hata kama umeishiwa na mwenye nyumba anagonga, kwa sababu ukishasaini kudai tofauti ni kupanda mlima. Wakikataa kulipa na kampuni imeshakujibu kwa maandishi, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO, wanapokea malalamiko bila kukutoza, jaribu huko kabla ya kufikiria mahakama.

Na wakati wa kuhuisha anza wiki tatu kabla ya tarehe, maana masharti yanaweza kubadilika kimya kimya wakakutumia ankara tu. Mara ya mwisho kuhuisha nilikuwa nimeongeza stoo Mbagala, nikamtumia wakili karatasi mpya na ya zamani alinganishe, akanitoza laki moja, akarudisha jibu kesho yake mchana: kila kitu sawa, ila eksesi ya mafuriko imepanda mara mbili na hakuna aliyekuambia.